Majani Sita Ndani ya Piano

Nina kovu shavuni upande wa kushoto, linaanzia chini ya jicho na kuishia karibu na mdomo. Wateja wangu hapa Majengo, Moshi, hudhani ni kisu. Nikiwaambia nilikatwa na piano wanacheka na kutazamana, kwamba mzee Hafidhi ameanza kuchanganyikiwa. Haya, wacheke. Nilikatwa na waya wa piano huko Kibosho, saa nne asubuhi, mbele ya matarumbeta sita na fidla mbili, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu mwenyewe. Nitaieleza habari hiyo, lakini si kwa ajili ya shavu langu. Naieleza kwa sababu mjini watu wakimtaja Mektrida wanasema ni yule mwanamke aliyemvunja mume mguu. Wanaanzia mwisho, kama wavivu wote.

Mektrida alizaliwa Kibosho mwaka 1971, kwenye mji wa wakulima wa kahawa na ndizi. Shule aliiacha darasa la saba. Akiwa na miaka kumi na minne akapata kazi ya jikoni kwa masista, na huko ndiko alikoikuta piano ya kahawia iliyoachwa na mlowezi mmoja wa mashamba ya kahawa. Sista mzee aliyekuwa akifundisha muziki alimfumania siku moja anabonyeza vibao kwa vidole vyenye unga. Badala ya kumfukuza alimwambia akanawe. Akamfundisha miaka minane, kila siku baada ya vyombo kuoshwa. Alipokaribia kufa, sista akasema piano ni ya Mektrida, na wenzake wakatii.

Wakati huo Mektrida alikuwa ameshaolewa na Primus. Trekta lililoleta piano lilikwama kwenye tope, ikabidi wanaume kumi na wawili waibebe kupitia migombani mpaka nyumbani. Primus akakataa isiingie ndani. Ikawekwa kwenye stoo ya kahawa, chumba cha kuta za mawe na sakafu ya mbao, na huko ndiko ilikokaa miaka karibu thelathini.

Sitaki kumsingizia Primus. Alikuwa mkulima hodari, kitinda mimba aliyerithi kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake na akakitunza kuliko kaka zake wote. Kahawa yake ilikuwa safi, migomba yake haikuwa na jani kavu. Tatizo lake ni kwamba kila kilichokuwa ndani ya kile kihamba alikiona ni chake, na ile sauti iliyotoka stoo haikuwa yake.

Mwaka 1996 alimwita mkewe mara mbili, mkewe hakusikia kwa sababu alikuwa anapiga. Mara ya tatu hakuita. Aliingia stoo, akashika mfuniko wa vibao akauangusha juu ya mikono ya Mektrida, kisha akaukalia. Aliukalia kama mtu aliyekaa kwenye benchi la kilabu, huku mkewe akipiga mayowe, mpaka kidole kidogo cha mkono wa kulia kikavunjika. Kilipona kikiwa kimepinda. Ukimwona anakunywa chai utadhani anakiinua kwa madaha.

Siku ya tatu wazee wa ukoo walikuja, wakiongozwa na baba mdogo wake Primus, Mzee Melkior, ambaye ndiye anayesikilizwa katika ukoo ule mpaka leo. Melkior alishika mkononi jani la isale lililofungwa fundo. Kwa watu wa mlimani isale si jani la kupambia. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hata kama umemuua ndugu yake, inambidi akusamehe, na akikataa yeye ndiye anayekuwa mkosaji. Mektrida alilipokea kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa vijiti. Wazee wakanywa mbege, pombe ya ndizi, wakasifu moyo wake, wakaenda zao.

Kwa kawaida jani likishapokelewa linatupwa tu. Linaoza au ng'ombe analitafuna, na jambo limekwisha. Mektrida hakulitupa.

Haya yote niliyajua baadaye. Mimi nilipanda Kibosho mara ya kwanza mwaka 2022, kwa sababu ninatengeneza vinanda vya makanisa, magitaa, akodiani, chochote kinachotoa sauti na kimeacha kuitoa. Nilimkuta mama mwembamba, mkimya, anayekugeuzia sikio la kulia unapozungumza. Piano yake ilikuwa imeliwa na panya na baridi. Nilipofungua ubao wa chini, ule ulio karibu na miguu ya mpigaji, nikakuta majani makavu ya masale yamepangwa chini kabisa, kila moja na fundo lake.

"Dada, humu kuna takataka. Nitoe?"

"Usiguse," alisema. "Ni mangapi?"

Nikahesabu. "Sita."

"Basi yametimia. Funga."

Nilifunga. Nilirudi mara nyingi mwaka ule na uliofuata, kwa sababu piano ile ilihitaji nyuzi, nyundo na uvumilivu, na kidogo kidogo alianza kuniambia. Kila jani, alisema, ni siku aliyoombwa msamaha, na kila jani amelitungia wimbo wa piano. Nyimbo sita, hazina maneno. Alitaka ziwe albamu, tena si piano peke yake. Alitaka okestra nyuma yake, kama zile rekodi za santuri za sista. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa. Daktari alimwambia la kulia nalo limeanza, lina mwaka, labda miwili.

"Nataka nizisikie mara moja zikiwa kamili," alisema. "Mara moja tu, kaka Hafidhi. Halafu sikio lifanye litakavyo."

Sasa nieleze ujinga wangu. Mimi ni mtu wa Majengo. Babu yangu alikuja na reli, bibi yangu alikuwa Mpare, sisi wa mjini damu zetu zimechanganyika na hatuna kihamba wala masale. Isale nililijua kwa kusikia: jani la msamaha, jambo zuri. Nilipoona ameyatunza yote sita, nikadhani anayatunza kama watu wanavyotunza barua za uchumba. Nilikiona kidole kilichopinda. Nilijua sikio limekufa. Lakini Primus nilimkuta mzee wa miaka sitini, anayenipa ndizi za kupeleka nyumbani na kuniuliza hali ya Raya, mke wangu. Nikajiambia mambo ya zamani yameshapita. Mtu mzima nilijiambia hivyo, na fidla mkononi.

Okestra tuliiunda kwa tulichonacho. Rogath, kiongozi wa kikundi cha matarumbeta kinachosindikiza maharusi hapa Moshi, alileta watu wake watano, na yeye wa sita. Mimi na rafiki yangu Fikirini tulileta fidla zetu, zilizokuwa zimelala kabatini tangu kikundi chetu cha taarabu kilipovunjika. Kurekodi akaja Shakiru, mwenye studio Pasua, kijana wa muziki wa kuruka majukwaani, ambaye siku ya kwanza alimwuliza Mektrida biti iko wapi. Mary, binti wa Mektrida anayeishi Dar, ndiye aliyempigia baba yake simu kumwomba aruhusu. Primus akaruhusu. Alisimama mlangoni pa stoo akasema, "Pigeni. Ila msiniingize mimi kwenye nyimbo zenu." Tukacheka wote, tukidhani ni mzaha.

Mektrida alikuwa mkali kuliko kocha wa mpira. Alituandikia sehemu zetu kwa do-re-mi kwenye madaftari ya shule, na kwa kuwa watu wa Rogath hawakujua kusoma hata do, aliwaimbia kila mmoja sauti yake mpaka aishike. Sisi wa fidla alitugombeza kwa sababu mikono yetu ya taarabu hupenda kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. "Hafidhi, usiteleze! Hapo mtu anapigwa, hatelezi!" Nikakasirika, nikamwambia miaka arobaini nimeteleza na watu wamenitunza. Akapiga kibao kimoja kwa kile kidole kilichopinda, kwa nguvu, mara tano. Nikaacha kuteleza.

Tulirekodi Septemba mwaka jana, miezi ya ukavu, kwa sababu mvua ikigonga mabati ya stoo hakuna kinachosikika. Hata hivyo tulisubiri ng'ombe anyamaze, tukasubiri mashine ya jirani ya kumenya kahawa, tukasubiri umeme urudi. Piano tuliivuta kutoka ukutani mpaka katikati ya chumba, nikatoa ubao wa mbele ili sauti itoke, nyuzi na nyundo zikabaki wazi. Tulimaliza nyimbo tano kwa siku tisa. Mwenyewe alizipa majina mafupi. Kidole ulikuwa wa haraka, unauma. Jino ulikuwa mfupi, unakatika ghafla, matarumbeta yanagonga mara moja na kunyamaza. Mbavu ulipumua kwa shida. Sikio ulianza kwa kishindo kikubwa kisha kikabaki kibao kimoja cha juu kinalia chenyewe kwa muda mrefu, na Mgongo sitauzungumzia, kwa sababu nilikuja kujua ni maji ya moto.

Uliobaki hakuupa jina. Aliuita tu "wa nne". Ulikuwa wa polepole, mpole, mzuri kuliko yote, na kila tulipoufanyia mazoezi Mektrida alitoka nje kwanza akasimama kidogo.

Ijumaa jioni, ukiwa umebaki usiku mmoja tu tuurekodi, nilimkuta Primus anageuza kahawa kwenye meza ya kuanikia. Nikaona ni utovu wa adabu kumaliza kazi kwenye mji wa mtu bila kumshukuru mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa. Nikamwendea.

"Shemeji, tunashukuru kwa ukarimu. Kesho tunamaliza."

"Vizuri."

"Wewe una bahati. Wanawake wangapi wanatunza msamaha hivyo? Masale yako yote sita ameyaweka mle ndani ya piano, na kila moja lina wimbo wake."

Mkono wake ulisimama juu ya kahawa. "Yote?"

"Yote sita."

"Na mafundo yake?"

"Kama alivyopewa," nikasema, nikicheka, mimi mpumbavu.

Primus hakucheka. Aliendelea kugeuza kahawa, punje kwa punje. Nikarudi mjini nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Nimeirudia jioni ile mara nyingi kichwani, na kila nikifika kwenye kile kicheko natamani kujizaba kofi.

Jumamosi saa nne tukaanza wa nne. Mektrida alikuwa kwenye kiti chake, mlango wa stoo ukiwa kushoto kwake, upande wa sikio lililokufa. Shakiru alinyoosha kidole. Piano ikaanza peke yake, kisha sisi wa fidla, na matarumbeta yalikuwa yamezuia pumzi kusubiri zamu yao. Mimi nilisimama pembeni mwa piano ili niuone mkono wake wa kushoto. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwona Primus akiingia na shoka.

Nilipiga kelele. Mektrida hakusikia. Primus akainua shoka akalishusha kwenye nyuzi za besi, pale nilipotoa ubao kwa mikono yangu. Sijawahi kusikia sauti ile na siombi kuisikia tena. Nyuzi tatu nene zilikatika kwa pamoja na mojawapo ikaja usoni kwangu. Nilihisi joto tu, halafu shati langu lote likawa jekundu, na fidla ikaanguka, na nikaikanyaga.

"Unanihesabia!" Primus alikuwa anapiga kelele. "Miaka yote hii unanihesabia! Nilisamehewa mimi! Nilisamehewa!"

Akapiga tena nyundo za ndani, vipande vya mbao vikaruka. Rogath alimrukia kutoka nyuma. Primus akamtandika kiwiko cha mdomo, Rogath akaenda chini na meno mawili yakabaki sakafuni. Mtu wa tarumbeta alijaribu kumshika mkono, akapigwa na mpini wa shoka kwenye bega. Fikirini, rafiki yangu wa miaka hamsini, alikuwa ameshatoka dirishani. Mektrida alikuwa bado amekaa, mikono juu ya vibao, anamtazama mumewe kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo na sasa imefika.

"Hivyo vidole," Primus akasema, na sasa hakupiga kelele tena. "Hivyo ndivyo vinavyosema."

Akainua shoka kwa mikono miwili akalishusha kwenye mikono ya mkewe. Mektrida aliivuta. Shoka likapasua vibao, likazama kwenye mbao chini yake na kunasa. Primus akaweka mguu mmoja chini ya piano ili apate nguvu, akaanza kulivuta kwa uzito wake wote, akikoroma. Mektrida akainuka. Nilidhani anakimbia, nikamwombea akimbie. Alizunguka nyuma ya piano, akaweka bega, akasukuma.

Ile piano ilibebwa na wanaume kumi na wawili. Lakini ilikuwa kwenye magurudumu, juu ya mbao zilizochoka, na Primus alikuwa anaivuta upande wake mwenyewe. Iliinama taratibu, kisha haikuwa taratibu tena. Nilisikia mguu ukivunjika ndani ya ule mlio wa nyuzi zote kwa mpigo. Ubao wa chini ukapasuka, na masale yakamwagika juu ya kifua cha Primus na sakafuni.

Alilia kwa sauti ambayo sikujua mwanaume anaweza kuitoa. Mektrida alisimama anahema. Kwanza alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Kisha akapiga magoti kando ya mumewe na kuanza kuokota majani. Aliyaokota yote sita, hata lile lililokuwa limenasa kwenye kola ya Primus, akayafunga kwenye pindo la kitenge. Ndipo akasema, "Mnyanyueni."

Hospitalini hawakunishona mpaka nilete fomu ya polisi. Askari wa zamu aliuliza nimejeruhiwa na nani. Nikasema piano. Akauliza kama piano hiyo ina jina na makazi. Wallahi, ningekuwa na nguvu ningempiga yeye. Mektrida naye alihojiwa, akaambiwa afungue kesi au afunguliwe yeye, na kabla hajajibu Mzee Melkior akatuma watu kusema mambo ya ukoo yatamalizwa nyumbani, Primus akishatoka kitandani.

Shakiru alikuwa hajazima mashine. Kila kitu kilikuwemo, shoka, mayowe, mguu. Alimwambia Mektrida, kwa adabu, kwamba huko nje watu wangeusikiliza wimbo huo kwa mamilioni.

"Futa," alisema Mektrida.

"Mama, lakini hii ni..."

"Hiyo ni kelele yake. Alishapiga kelele za kutosha. Futa, nikiwa natazama."

Akafuta.

Mimi nikapanda Kibosho na uso wangu uliovimba, nikamweleza nilichomwambia Primus pale kwenye meza ya kahawa. Sikuweza kukaa nayo. Alinisikiliza, sikio la kulia likiwa limenielekea. Nikatamani anitukane.

"Uliona majani, hukujua kusoma," alisema. "Itengeneze piano."

Niliitengeneza. Fremu ya chuma haikuwa imepasuka, nikamshukuru Mungu na fundi aliyeisubu. Nilifanya kazi wiki tano, nikaunga nyundo kwa gundi, nikachonga vibao kwa mti wa mruka. Lakini vibao kumi na kimoja vya besi vilikuwa vimekufa, nyuzi zake hazikupatikana Moshi wala Arusha wala Nairobi. Nikamwambia wa nne hauwezekani, mkono wa kushoto hauna pa kwenda. Alikaa siku mbili na daftari. Siku ya tatu alimwita Rogath, aliyekuwa na pengo la meno mawili, akamwimbia zile sauti kumi na moja, moja baada ya nyingine, ili tarumbeta kubwa la besi lipige kile ambacho piano haiwezi tena.

"Mdomo wangu haujapona," Rogath akasema.

"Na wangu haukupona," alijibu. "Piga."

Tulirekodi wiki ya mwisho kabla ya mvua za Novemba. Mkono wa kulia wa Mektrida ulikuwa kwenye piano, na wa kushoto ukiishia pale vibao vilipokufa, na kutoka hapo Rogath akaupokea, chini kabisa, kwa pumzi iliyokuwa inatetemeka kwa maumivu. Fikirini alirudi kupiga, sikumsemesha. Tulipomaliza Shakiru alimvisha Mektrida vile visikilizio vikubwa. Alikibonyeza cha kulia kwa kiganja na kufumba macho, akazisikiliza zote sita mfululizo, bila kunywa hata maji. Sisi tulikaa chini tukamtazama. Sikuona aibu kulia.

Mkutano wa ukoo ulikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwa Primus. Mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mikono, mguu umefungwa plasta ngumu, amekonda. Mimi niliitwa kwa sababu ya shavu langu. Nilimwamkia Mzee Melkior, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kunitazama. Alikuwa na haraka ya kumaliza.

"Mama Mary," alisema, "mume wako alikosea, hilo tunalijua. Lakini yeye hakukuvunja safari hii. Wewe ndiye uliyemvunja. Kwetu hapa unajua linalofanyika."

"Najua, baba."

"Basi lete isale, tumalize, watu wale."

Mektrida aliingia stoo. Alipotoka alikuwa na kitenge mkononi. Nikaona Primus anajiweka sawa kwenye kiti, kama mtu anayejiandaa kuwa mkarimu. Mektrida alipiga magoti mbele ya Melkior, akafungua kitenge, akaanza kuweka majani chini, moja moja.

"Hili la mwaka tisini na sita. Kidole." Akaweka la pili. "Tisini na tisa. Jino. Nilimeza damu mbele yenu, mkasema nina moyo mzuri." La tatu. "Elfu mbili na tatu. Mbavu mbili."

La nne alilishika muda mrefu kuliko mengine.

"Hili mnalijua. Nilikuwa na miezi sita. Alinipiga teke la tumbo pale kwenye mfereji, na mtoto alizikwa kwenye migomba ile. Mlileta isale kabla maziwa hayajanikauka."

Wanawake waliokuwa jikoni walikuwa wametoka nje. Mmoja alifunika uso kwa kanga. Ndipo nilipoujua wimbo tuliokuwa tunapiga, mimi na fidla yangu, na nilitaka ardhi inimeze.

"Hili sikio," Mektrida akaendelea, na sauti haikupanda wala kushuka. "Na hili mgongo. Sita. Sikuja kuomba, baba. Nimekuja kurudisha."

Mzee Melkior aliyatazama majani. "Isale halirudishwi," alisema. "Haijawahi kutokea."

"Haijawahi kutokea kwa sababu hakuna aliyelitunza."

"Na zile nyimbo?" Primus aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Zinarudi nazo?"

"Majani ni yenu," alisema Mektrida. "Nyimbo ni zangu."

Melkior ana miaka themanini na sita. Aliinama kwenye kiti chake, kijana mmoja akataka kumsaidia, akamsukuma mkono. Aliyaokota majani yote sita peke yake, polepole, akayaweka kwenye kiganja na kuyatazama yale mafundo.

"Haya mafundo nimeyafunga mimi," alisema, hakuwa anatuambia sisi. "Yote."

Kisha akayatia kwenye mfuko wa koti lake la misa, akawageukia vijana. "Mbebeni. Atakaa kwangu."

"Baba mdogo!" Primus akapiga kelele. "Huu ni mji wangu! Kihamba ni changu!"

"Mbebeni," Melkior alirudia.

Vijana wanne walitosha. Walimbeba na kiti chake kupitia migombani mpaka kwenye gari, akiwatukana njia nzima. Mzee Melkior aliwafuata nyuma kwa fimbo yake. Alipompita Mektrida alisimama kidogo, akaugusa ule mfuko wa koti, akaenda zake.

Mektrida alijipangusa magoti. "Fundi," aliniambia, "vile vibao kumi na kimoja. Mary amepata mtu wa kuleta nyuzi. Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja."

"Aika," alisema, yaani asante kwa lugha ya kwao. Akaingia stoo akakaa kwenye kiti chake. Miaka thelathini alikuwa akipiga piano mlango ukiwa umefungwa, akiusikiliza kwa sikio moja. Siku hiyo aliuacha wazi, akaanza wa nne, na kule barabarani gari lilikuwa bado halijawaka.